Kisanduku cha Hammurabi cha dola 75: nimekifundishia wiki tano

Kisanduku hiki cha vifaa vya kufundishia sheria za Hammurabi, mfalme wa kale wa Babeli, kilifika kwa posta wiki moja kabla shule haijafunguliwa, nikakifungua pale pale mezani jikoni kabla hata sijavua viatu. Nafundisha maarifa ya jamii darasa la sita, kaskazini mwa Chicago, watoto wa miaka 11 na 12. Kila mwaka tukifika Mesopotamia, ile nchi ya kale kati ya mito Tigri na Frati, Iraki ya leo, nilikuwa na kitabu cha kiada kilichochakaa na picha moja, ndogo kama stempu, ya jiwe jeusi lililochongwa sheria hizo. Miaka yangu ya mwanzo ya ualimu niliifanya Muheza kwa chaki na ubao, kwa hiyo kufundisha bila vifaa hakunishindi. Ila mwaka huu nilitaka watoto washike kitu mkononi. Nikatoa dola 75 mfukoni mwangu, na shule haikunirudishia. Ndiyo maana naandika kwa kirefu, ili walimu wenzangu mlio huku na wazazi mnaosomesha watoto nyumbani mjue mnachonunua.

Jina la kampuni silitaji. Visanduku vya namna hii vinauzwa na wengi. Nimeshaazima viwili vya walimu wengine, na kasoro nilizozikuta kwenye changu nyingi nimezikuta huko pia. Basi yachukueni haya kama maoni juu ya bidhaa ya aina hii kwa jumla.

Ndani mna nakala ya nguzo ya Hammurabi ya plastiki ngumu, urefu kama sentimita 20. Mna ramani ya kitambaa, kadi 30 za sheria, pakiti ya udongo, vijiti kumi vya kuandikia, mawe matano ya kupimia na kijitabu cha mwongozo wa mwalimu.

Ramani ni nzuri kweli. Kitambaa chake kizito, nimekifua mara mbili na rangi haikuchuja, na kikitandikwa chini watoto wanane wanaweza kukizunguka kama mkeka. Tigri na Frati zimechorwa kwa upana unaoonekana, na miji ya Ur, Nippur, Babeli na Susa imewekwa mahali pake. Siku ya kwanza kuitandika, mtoto mmoja ambaye familia yake imetoka Iraki aliweka kidole kando ya Babeli, mahali ambapo ramani haikuandika kitu, akasema hapa ndipo Hilla, hapa ndipo kwa bibi yangu. Wenzake wakamgeukia wote. Mpaka dakika ile Babeli kwao ilikuwa mahali pa kwenye hadithi, na sasa ilikuwa na bibi anayepiga simu kila Jumapili. Kama ramani hii ingeuzwa peke yake, ningeinunua leo.

Nakala ya nguzo nayo inashikika vizuri, ina uzito, na michoro ya juu inaonekana. Tatizo ni kibandiko kilicho chini yake, kinachosema kwamba aliyeketi ni Mfalme Hammurabi na aliyesimama ni raia aliyekuja kushtaki. Si kweli. Aliyeketi ni Shamash, mungu wa jua na wa haki. Miali inamtoka mabegani na kichwani ana kofia ya pembe, alama ya uungu. Hammurabi ndiye aliyesimama, ameinua mkono karibu na kinywa kama mtu anayeomba, na Shamash anamnyooshea fimbo na pete. Ukikosea hapo umeikosa picha nzima, maana mchongaji alitaka watu waone kwamba hata mfalme anasimama mbele ya aliye juu yake. Nilikibandua kibandiko kwa maji ya moto, nikaipitisha nakala mkono kwa mkono na swali moja: nani mkubwa hapa, na mmejuaje? Msichana mmoja aliitazama muda mrefu, kisha akasema: "Mdogo ni huyu aliyesimama, Mwalimu. Ni kama sisi tukiitwa ofisini." (Wananiita Mwalimu. Walianza watoto wa Kongo, na kufikia Oktoba darasa zima lilikuwa limewafuata, hata Wameksiko.)

Sasa kadi, na hapa ndipo ninapolalamika hasa.

Kadi ya kwanza inasema Hammurabi aliandika sheria za kwanza duniani. Hammurabi alitawala Babeli kuanzia 1792 hadi 1750 KK. Sheria za Ur-Nammu, mfalme wa Ur, ni za karibu mwaka 2100 KK, yaani zimemtangulia kwa karne tatu na zaidi. Kibao kimoja chenye nakala ya sheria hizo, kilichotoka Nippur, kimehifadhiwa Istanbul, na mtaalamu Samuel Noah Kramer alikisoma na kukitangaza mwaka 1952. Kwa hiyo jambo hili limejulikana miaka mingi kabla kiwanda hakijachapa kadi hii. Na kosa lenyewe linamnyima mwalimu mojawapo ya masomo bora kuliko yote. Kwa Ur-Nammu, ukimtoa mtu jicho unalipa nusu mina ya fedha, yaani kama robo kilo ya madini ya fedha. Kwa Hammurabi, ukimtoa jicho mtu wa hadhi yako, nawe unatolewa lako. Niliandika sheria hizo mbili ubaoni bila tarehe, nikauliza ipi ya zamani zaidi. Kati ya watoto 27, wawili tu walipatia. Wengine wote waliamini kwamba watu wa kale zaidi lazima wawe wakali zaidi, na kwamba dunia inapanda ngazi kidogo kidogo kutoka ukatili kuja kwetu. Tulikaa kipindi kizima juu ya jambo hilo moja. Kadi ingeweza kunipa somo hilo, nayo ikaniambia uongo.

Kisha kadi ya sheria ya 196. Imeandikwa kwamba mtu akimtoa mwenzake jicho, naye atolewe jicho, na chini wamechora wanaume wawili waliovaa nguo zinazofanana. Watoto waliipokea kama kitu wanachokijua. Anayesali kanisani amelisikia jicho kwa jicho katika kitabu cha Kutoka, anayesoma madrasa amelisikia katika Sura ya al-Maida. Wakaniambia, Mwalimu, hii ni haki, kila mtu sawa.

Lakini jiwe halisemi kila mtu. Linamtaja awilum, mtu huru mwenye hadhi. Sheria ya 198, mistari michache tu mbele, inamhusu mushkenum, mtu huru wa tabaka la chini. Mtu mwenye hadhi akimtoa jicho mushkenum anatoa mina moja ya fedha, yanaishia hapo, jicho lake analibakiza. Ya 199 inamhusu mtumwa: hapo analipa nusu ya bei ya mtumwa, na analipwa bwana wake. Kisandukuni sheria hizi mbili hazimo. Nilizitafuta kadi zote 30, mbele na nyuma. Ya 196 ipo, imepambwa kwa rangi ya dhahabu, na zile mbili zinazoieleza maana yake zimeachwa.

Nikaenda kuzitafuta mwenyewe. Chuo Kikuu cha Yale kina mradi uitwao Avalon unaoweka nyaraka za sheria za kale kwenye intaneti bure, na humo mna sheria zote zilizosalia katika tafsiri ya L. W. King. Kiingereza chake ni cha miaka mia iliyopita, na kuna mahali wataalamu wameshaisahihisha. Huyu mushkenum, kwa mfano, King amemwita mtumwa aliyeachiwa huru. Kwa mwalimu ni hazina hata hivyo, na haina malipo. Kwa neno lenyewe nikaingia kwenye kamusi kubwa ya Kiakadi, lugha ya Wababeli, ya Chuo Kikuu cha Chicago, ambayo kazi yake ilianza 1921 na juzuu la mwisho likatoka 2011. Ni juzuu 21, na zote unaweza kuzipakua bila senti. Nikafungua herufi M, nikanakili neno kwenye karatasi, na asubuhi yake nikaliandika ubaoni kwa herufi kubwa: MUSHKENUM. Nikawaambia walisome kwa sauti.

Yule wa Hilla alilisoma mara mbili taratibu, akasema kama anayeuliza: "Miskin?" Na kutoka meza ya nyuma, ambako wamekaa watoto wangu wa Uvira na Fizi, wawili wakaitikia kwa pamoja: "Maskini!"

Ndivyo ilivyo. Neno lilitoka kwa Wababeli likaingia Kiaramu, kutoka Kiaramu likaingia Kiarabu, na Waarabu wakatuletea pwani. Neno lililochongwa kwenye jiwe la Hammurabi, karibu miaka 4,000 iliyopita, ndilo nililokuwa nikilisikia kila Ijumaa nikiwa mtoto Pangani, maskini wakipita mlangoni kwa babu kuomba sadaka. Nilikuwa nalijua neno maskini maisha yangu yote wala sikujua umri wake. Nilishindwa kuendelea kwa muda, nikasimama tu pale na chaki mkononi. Watoto ambao tangu Septemba walikuwa wakinong'ona, kwa sababu Kiingereza chao kina lafudhi, siku ile ndio waliokuwa wakiwafafanulia wenzao sheria. Mmoja alikwenda ubaoni bila kuitwa akaandika maskini chini ya mushkenum, herufi chini ya herufi, akazungushia m, s, k na n.

Baada ya hapo mawe ya kupimia yalipata kazi. Nayo nayasifu, yamepimwa kwa uangalifu. Shekeli moja ni gramu nane na kitu, na shekeli 60 ni mina, karibu nusu kilo. Niliazima mizani ya maabara, nikawapa sheria za 215 hadi 217. Mganga akimpasua mtu kwa kisu cha shaba nyeusi akamponya, analipwa shekeli kumi kwa mtu mwenye hadhi, tano kwa maskini na mbili kwa mtumwa, na za mtumwa hutolewa na bwana wake. Wakazipima kwa dengu: kilima cha kumi, cha tano, cha mbili, vitatu kwa safu juu ya karatasi. Kwa kuvitazama tu, bila maelezo yangu, msichana mmoja akauliza: "Wagonjwa watatu wakiwa wanangoja mlangoni, mganga anaanza na nani?" Mwenzake akamjibu kwamba labda kwa maskini ilikuwa afadhali bei iwe ndogo, la sivyo asingetibiwa kabisa. Wakabishana mpaka kengele ikalia, na mimi sikusema neno. Nakiri sina jibu la swali lile mpaka leo.

Nije kwenye udongo. Udongo wa kisandukuni haufai. Si udongo hata kidogo, ni ile plastiki laini yenye mafuta ambayo watoto wadogo huchezea. Haukauki, haulowi, na unaacha utelezi vidoleni. Vijiti navyo vimechongwa ncha kali kama penseli, kwa hiyo watoto wakaanza kukwaruza. Mwandiko wa kikabari, yaani ule wa Mesopotamia, haukwaruzwi, unachapwa. Unashika kijiti chenye pembe, unaukandamiza ukingo wake kwenye udongo mbichi, na pembe ile inaacha alama ya kabari, kichwa kipana na mkia mwembamba. Ukichora kwa ncha kali, unapata makovu tu. Nilivitupa vijiti vyote kumi. Nikaenda mgahawa wa Kichina jirani na shule, nikaomba vijiti vya kulia, vile vya mti vyenye kitako cha mraba. Wakanipa fungu zima. Kwa udongo nikanunua mfuko wa udongo wa mfinyanzi kwenye duka la vifaa vya sanaa, kilo 11 kwa dola 22, ukawatosha wote 27 na kubaki.

Niliutaka udongo wa kweli kwa ajili ya sheria ya 48, ninayoipenda kuliko zote, na ambayo kwenye kisanduku imefupishwa mpaka haina damu. Inasema mkulima akiwa na deni la nafaka, na mwaka ule tufani ikamfurikia shamba, au mazao yakaharibika, au nafaka isiote kwa kukosa maji, basi mwaka huo hampi aliyemkopesha nafaka, wala riba ya mwaka huo halipi. Analowesha kibao chake. Kadi imeandika tu kwamba wakulima walisamehewa madeni wakati wa maafa. Kwanza si sahihi, maana deni halisamehewi, malipo ndiyo yanayosimama kwa mwaka ule. Halafu wameacha kibao na maji, na sheria yote iko hapo. Mkataba umeandikwa kwenye udongo usiochomwa. Ukiutia maji, maneno yanalainika na unaweza kuyaandika upya.

Mimi jambo hili nililijua kwa mikono kabla sijalisoma. Chuoni kwa babu tulijifunza kusoma kwa ubao wa mti. Babu akituandikia kwa wino wa masizi na kalamu ya tete, ukishaihifadhi sura unauosha ubao, unauanika juani uegemee ukuta, na kesho unaandikiwa nyingine. Maji yale hayakumwagwa njiani ambako watu wanakanyaga, yalimwagwa shinani mwa mnazi. Naukumbuka ubao ukiwa na maji, jinsi herufi zilivyokuwa zikivimba kwanza, kisha zinageuka rangi ya moshi, kisha hazipo. Niliwasimulia watoto habari hiyo kabla ya kuwapa udongo, na mtoto mmoja wa Kisomali akasema kwao nao ndivyo.

Tukagawanyika wawili wawili, mkulima na mkopeshaji. Kila wawili wakaandika deni lao kwenye kibao cha kiganjani, kabari moja ya wima kwa kila kipimo cha nafaka. Kisha nikapitisha kopo lenye vikaratasi, na kila mkulima akachomoa kimoja: mavuno mema, ukame, mafuriko. Waliopata ukame na mafuriko wakaja mbele kwenye ndoo ya maji, wakachovya kidole gumba, wakausugua mstari wa malipo. Unaiona kabari ikijaa, kingo zikilegea, halafu pale pamekuwa laini kama hapajaandikwa kitu. Baadhi ya wakopeshaji hawakukubali. Mmoja alikikumbatia kibao kifuani, blauzi ikajaa tope, akasema nafaka aliitoa kwake na mvua hakuileta yeye. Hoja yake ni nzito, na ndiyo hoja ya kila mkopeshaji tangu enzi hizo. Nikamwachia aitetee.

Aliyemjibu ni kijana wa Uvira, ambaye kwa kawaida hasemi darasani. Alisema mafuriko ya mwaka 2020 yaliondoka na shamba la bibi yake, na aliyemkopesha mbegu alikuja kudai vile vile. "Hakuna aliyemwoshea kibao," akasema, kwa Kiswahili, kisha akajitafsiria mwenyewe kwa Kiingereza ili wote wasikie. Yule msichana akakiweka kibao chini. Hakukiosha, ila alikiweka chini.

Nililotaka kuwaambia ninyi mnaofikiria kununua ni kwamba hakuna kadi hata moja kati ya zile 30 ambayo ingetufikisha hapo. Waliozitengeneza wanaonekana kuamini kwamba mtoto wa miaka 11 hawezi kuisoma sheria yenyewe, kwa hiyo wakamtafunia. Anaiweza. Sheria hizi zimejengwa kwa namna rahisi kuliko hadithi nyingi za kitabu cha kiada: mtu akifanya hivi, basi vile. Mtoto anaijua sentensi hiyo tangu anatambaa.

Kijitabu cha mwongozo nakipitia haraka. Kina maswali mazuri machache na ukurasa wa majibu sahihi, na huo ukurasa nimeuchana. Swali mojawapo linauliza kama sheria za Hammurabi zilikuwa za haki, na jibu waliloliandika ni hapana, zilikuwa za kikatili. Mtoto akishasoma jibu hilo kuna haja gani ya kufikiri? Tulisoma sheria ya 229, nyumba ikimwangukia mwenyewe akafa, mjenzi auawe. Wengi walikubali, wengine wakasema afungwe tu. Ya 230 inasema akifa mtoto wa mwenye nyumba, auawe mtoto wa mjenzi, na hapo darasa zima lilikataa. Mvulana mmoja, baba yake ni mchungaji, akaleta kesho yake Kumbukumbu la Torati 24:16, kwamba watoto wasiuawe kwa ajili ya baba zao. Akaniuliza kama aliyeandika hayo alikuwa akimjibu Hammurabi. Nikamwambia swali hilo ni la mtu mzima, aendelee nalo.

Kuna jambo jingine ambalo mwongozo haukuligusa. Nyaraka za mahakama za wakati wa Hammurabi zimepatikana nyingi, na waamuzi hawaonekani kuzitaja sheria za jiwe hili kama sisi tunavyotaja kifungu namba fulani. Hata hizo namba za 1 hadi 282 hazimo kwenye jiwe, zilitiwa na Vincent Scheil, padri Mfaransa, alipozitafsiri mwaka 1902. Mwishoni mwa maandishi Hammurabi anasema mtu aliyedhulumiwa na aje mbele ya nguzo, asomewe maneno yake, aione haki yake, moyo wake utulie. Asomewe, kwa kuwa wengi hawakujua kusoma. Niliwauliza watoto wa kwetu ni nani nyumbani anayewasomea wazazi barua za serikali. Mikono saba ilinyooshwa.

Kama mko Chicago au karibu, kabla hamjatoa dola 75 wapelekeni watoto kwenye jumba la makumbusho la chuo kikuu, lile la tamaduni za kale ambalo zamani likiitwa Oriental Institute. Hakuna kiingilio cha lazima, wanapendekeza mchango tu. Kuna nakala ya nguzo kwa ukubwa wake halisi, mita mbili na robo. Ya asili iko Louvre, Paris, tangu Wafaransa walipoichimba Susa, Iran, 1901 na 1902. Mtoto akisimama mbele yake, maandishi yanaanzia juu ya kichwa chake na kushuka mpaka miguuni. Ndipo wakaona kitu ambacho kijinguzo cha sentimita 20 hakionyeshi: chini, upande wa mbele, kuna mahali pamefutwa. Mfalme wa Elamu, Shutruk-Nahhunte, aliiteka nguzo hii katika karne ya 12 KK akaipeleka kwao Susa, na sehemu ile ikasuguliwa. Sheria kuanzia ya 66 hadi 99 zilipotea hapo. Baadhi zimepatikana baadaye kwenye nakala za udongo, kwa sababu waandishi waliendelea kuzinakili kwa karne nyingi. Kisandukuni zimehesabiwa 282 bila pengo lolote. Watoto walibaki mbele ya pale peupe kuliko mahali pengine popote, isipokuwa kwa yule fahali mwenye mabawa na kichwa cha mtu kutoka Khorsabad, tani 40, ambaye walimhesabia miguu mitano na kugombana kama mchongaji alikosea.

Basi hukumu yangu kwa anayetaka kununua. Ramani na mawe ya kupimia vinastahili pesa. Nakala ya nguzo inafaa ukishakibandua kile kibandiko. Kadi, udongo, vijiti na majibu ya mwongozo utavitupa, na hivyo ndivyo zaidi ya nusu ya ulicholipia. Nimewaandikia watengenezaji barua yenye makosa matatu makubwa, la kibandiko, la Ur-Nammu na la sheria ya 198, pamoja na kurasa za ushahidi. Walijibu kwa heshima kwamba wataangalia toleo lijalo.

Kadi zangu nimezitengeneza mwenyewe, sheria 34 kwa Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, maneno yenyewe bila kutafunwa. Nilimtumia na mwalimu mwenzangu wa zamani, dada yangu wa Muheza, ambaye hajawahi kukiona kisanduku hiki wala hakihitaji. Udongo aliuchimba kando ya mto Zigi, watoto wake wakauchuja mchanga kwa kitambaa, na vijiti wakachonga mianzi. Wiki iliyopita alinitumia picha: vibao arobaini na kitu vimepangwa juu ya majani ya mgomba dirishani, na mtoto mmoja amekishika cha kwake kwa mikono miwili, kinadondosha maji. Chini ya picha aliniuliza swali moja, kama maskini wa Babeli alikuwa na shamba lake mwenyewe au alilima la mwingine. Nimempigia picha kurasa za kamusi za herufi M, tutazisoma pamoja kwenye simu Jumapili.